Mama na Waume Wake Wawili Kisiwani

Jumatano, mwezi wa nne. Mvua ilianza saa nane mchana na mpaka sasa jioni haijui kuacha.

Nimechoka. Niseme hivyo kwanza, halafu mengine yafuate.

Nimeketi dirishani, chai imepoa, simu iko mapajani. Kutoka hapa naona mteremko wote: kahawa ya jirani, migomba, mto, kisha kisiwa chetu. Ninyi mnaosoma kutoka mbali mkisikia kisiwa mtafikiria bahari na mchanga mweupe. Huku kwetu Manyatta kisiwa ni kipande cha shamba tu. Mto ukifika hapo unagawanyika, mkono mmoja huku na mwingine kule, halafu unaungana tena chini kana kwamba haukufanya lolote. Nilizaliwa hapo. Mama yangu, Marigu, bado anaishi hapo peke yake, na baba yangu amezikwa hapo hapo, nyuma ya jiko.

Na mto unamjia baba.

Tulipokuwa watoto, mwaka tuliujua kwa kuangalia maji. Januari mto ulikuwa mwembamba, tunaruka kutoka jiwe hadi jiwe na viatu havilowi. Mvua ndefu zikianza mlimani, tuliusikia ukinguruma kabla hatujaona tone. Baba alitubeba mabegani, mmoja mmoja, akituvusha kwenda shule. Siku ambazo hata yeye alishindwa tulikaa nyumbani tukila githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, na sikumbuki mtoto aliyehuzunika. Baada ya mvua za kwanza kahawa ilichanua, kisiwa kizima kikawa cheupe, nyuki wakaja kwa fujo. Julai ilileta baridi na ukungu mzito, ng'ombe unamsikia akitafuna lakini humwoni. Oktoba, mvua fupi, vyura walipiga kelele hata mama akawa anawatukana kwa Kiembu kutoka jikoni. Nilidhani kila mtoto duniani anaishi hivyo.

Kando ya mto kulikuwa na matete marefu na mikuyu mikubwa. Baba aliifyeka yote apande nduma, yaani magimbi. Simlaumu sana, kila mtu huku amefanya hivyo. Nduma hupenda kukaa na miguu ndani ya maji, na zile za kisiwani zilikuwa tamu, ukizichemsha zinapasuka na kutoa unga. Ila nduma haishiki udongo. Ukiivuta inakuja, na udongo wake unakuja nayo. Basi kila masika mto umekuwa ukila kidogo. Ulianza na nduma zenyewe, ukala mahali pa kufungia ng'ombe, na mwaka huu umefika kwenye maua ambayo mama alipanda miguuni pa kaburi.

Chifu alikuja wiki iliyopita akamwambia ahame kabla mvua haijashika. Mama alimpa uji, akamsikiliza kwa adabu zote, kisha akamjibu, "Chifu, mimi siendi mahali. Mzee akitoka, nitatoka."

Chifu alicheka. Mimi sikucheka, maana namjua mama.

Kuhusu kumhamisha baba, nilijaribu kulitaja mara moja tu. Kufukua mtu aliyelala ni jambo ambalo huku kwetu husemwa kwa sauti ya chini, ikiwa litasemwa. Mama aliacha kuchambua maharagwe akaniangalia kama mtu asiyemjua. Sikurudia.

Ndipo nikapata ile akili yangu. Leo naiita akili kwa sababu sina jina lingine.

Mtoto wangu wa pili wa kiume anaitwa Ireri. Desturi yetu inataka huyo apewe jina la baba ya mama yake, kwa hiyo yeye ni baba yangu. Nimemwita "baba" tangu akiwa na nepi. Na kwa mama yangu, yeye ni mume. Yaani ni mzaha, na si mzaha. Alipokuwa mdogo, mama alikuwa anamlalamikia mbele za watu: mzee wangu hajaniletea sukari, mzee wangu ananiacha nife na baridi. Ireri alikua akijua ana bibi, yaani mke, kisiwani. Siku hizi anatengeneza simu Meru mjini, na hajawahi kuja nyumbani bila sukari ya Marigu.

Nikajiambia, mama hanisikilizi mimi, hamsikilizi chifu, hamsikilizi pasta. Lakini ameolewa na mtu mmoja tu maishani, na mtu huyo ana jina ambalo linatembea. Nikampigia Ireri simu. Nikamwambia, njoo umtoe bibi yako.

Alifika leo asubuhi. Alikuwa ananicheka. "Mum, hiyo ni kazi rahisi. Nitamwambia tu apack." Akavuka kwenye yale magogo mawili tunayoyaita daraja, ameshika waya kwa mkono mmoja na sukari kwa mkono mwingine. Maji yalikuwa chini ya magogo, lakini si mbali. Nilibaki upande huu nikiomba kimoyomoyo. Nilikuwa nimeshatandika kitanda cha mama. Hata dirisha la chumba hicho nilikuwa nimelipangusa ili akiamka aweze kuona kisiwa chake.

Mchana, mvua ikiwa imeanza, simu ikalia.

"Mum, Cucu amekataa." Cucu ni nyanya; hivyo ndivyo anavyomwita mbele yangu.

"Nilijua. Si umwambie wewe ni nani?"

"Nimemwambia. Nimemwambia, Marigu, panga vitu twende. Amecheka mpaka akakaa chini. Halafu akaniuliza, kama wewe ni mzee wangu kweli, mbona unanikimbiza kwa boma yako? Amesema mzee hatorokangi boma. Mzee anakaa anaishika." Nilisikia mvua kwenye mabati ya mama. "Na unajua, mum, ana haki. Acha nibaki na yeye."

Nilipiga kelele. Sina haja ya kuficha. Nilimwambia avuke sasa hivi, nilimwambia mimi ndiye niliyemzaa, nilimwambia maneno mengine ambayo nitayatubu Jumapili. Alingoja nimalize. Hakukasirika. Angekasirika ingekuwa afadhali.

"Mum, si wewe huniita baba? Basi leo nisikize."

Nimemtuma mmoja akamlete mmoja. Sasa ng'ambo kuna wawili.

Tangu hapo nimekaa hapa dirishani. Mto umekuwa mwekundu kwa udongo, unabeba migomba mizima. Nimempigia tena nikamwomba kwa upole, sauti ya kubembeleza ambayo situmiagi. Amesema wako sawa, wanakula. Nimemwomba anipe mama. Mama amechukua simu akaniuliza kama nimeanua nguo, kwa sababu mvua hii haitaisha leo. Kisha akasema, kwa furaha ambayo sijaisikia kwake tangu tumzike baba, "Mzee wangu amekuja."

Sijui alimaanisha yupi. Niliogopa kuuliza. Kuna siku mama huchanganya mambo na kuna siku hunichezea tu, na kwa simu siwezi kutofautisha.

Nina hasira na watu wote. Nina hasira na mama kwa kichwa chake kigumu, na Ireri kwa kuwa na moyo laini mahali ambapo nilihitaji awe mgumu. Nina hasira hata na marehemu, na matete yake, na nduma zake. Nimejaribu kuomba, lakini maombi yangu leo ni neno moja tu, tafadhali, tafadhali, halafu nanyamaza kama mtu aliyesahau alichotumwa dukani.

Mvua ilipopungua kidogo nikawaona. Wote wawili walikuwa wametoka nje, nyuma ya jiko. Ireri alikuwa anabeba mawe, anayapanga kwenye ukingo chini ya kaburi. Mama amejifunika gunia kichwani, anamwonyesha kwa fimbo: hapa, si hapo, hapa. Jiwe likiteleza majini, anapiga kofi kwenye paja na kumwonyesha lingine. Walikuwa wadogo sana kutoka hapa. Maji yalikuwa yanapita chini ya miguu yao na hawakuwa wanayaangalia.

Nililia hapo. Nililia kwa woga, na pia, Mungu anisamehe, kwa wivu. Mahali hapo ni kwetu, na mimi ndiye niliye mbali.

Kisha Ireri akapiga simu tena, anahema. "Mum, kesho niletee mbegu ya nepia. Nyingi. Na magunia tujaze mchanga. Tukipanda nepia hapa chini itashika."

Nepia ni majani ya ng'ombe. Ni kweli, mizizi yake hushika udongo vizuri, ingawa huhitaji msimu mzima. Mto hautatupa hata wiki. Kijana wa simu hajui hilo. Mama anajua, na nilimsikia karibu na simu akimwambia aniagize nyingi.

Nilikata simu, nikavaa gamubuti na koti la mvua, nikachukua panga nikaenda kwenye mpaka wa shamba. Nilikata nepia, nikapima vipande, macho mawili, yale mafundo yanayochipua, yaende chini na moja libaki juu, kama baba alivyotufundisha. Nikafunga mzigo mzima kwa kamba. Majani yamenikatakata mikono na nywele zimelowa chepechepe.

Najua haitashika. Nimekata hata hivyo. Kesho nitaubeba mgongoni nivuke nao, kama daraja litakuwepo, na nikishafika upande ule sijui ni nani kati yetu atakayekuwa na nguvu ya kusema turudi.