Marwa ametetemeka

Butiama, Jumanne

Na hatimaye Marwa ametetemeka! Tangu shimo la dhahabu la Buhemba limfukie hadi kifuani, rafiki yangu huyu wa rika moja analala na kula barazani. Ndani, anasema, kuta zinamkaba.

Leo mtaalamu wa kutibu kiwewe, binti mpole, alitusimamisha mimi na Marwa tukunje magoti kidogo na kuiacha miguu itikisike yenyewe, ili mwili uachie hofu. Marwa akakakamaa.

"Mwanaume hatetemekagi. Mwalimu, tulitahiriwa siku moja. Nilitikisika?"

Nikamweleza kwamba siku ile tulizuia hofu dakika chache tu, lakini hii anaizuia miezi sasa. Kwamba hata mbuzi akiponyoka kwa fisi hujitikisa, kisha hurudi malishoni. Nilieleza mno, kama kawaida yangu, mpaka miguu yangu mwenyewe ikaanza.

"Mwalimu anacheza, na ngoma hakuna!"

Akacheka, magoti yakamlegea, akatetemeka hadi machozi.

Kama itadumu, sijui. Naogopa kesho atakakamaa tena.

Lakini jioni mkewe alitenga ugali barazani, kama siku zote. Marwa akabeba bakuli la sato, akaingia nalo ndani.

"Mwalimu, njoo, samaki anapoa!"