Korongo Mwenye Jiwe Mguuni

Nyamirambo, Kigali
Novemba 1994

Mdogo wangu Tadeo,

Nimefika nyumbani kwako baada ya miaka thelathini na mitatu ya kuishi Karagwe, na wewe hupo. Vitu vyako vimechukuliwa mpaka bawaba za milango. Ukutani wameacha kimoja tu, kitambaa chenye nembo ya ule mji mdogo wa Ujerumani. Nadhani hawakuona cha kukifanyia.

Juu ya sanduku ninaloandikia kuna barua ya yule mama mwalimu wa huko. Mapadri ndio walioileta. Anauliza jambo moja, kwa Kifaransa: Tadeo yu hai? Hii ni wiki ya tatu sijamjibu.

Ulipokuwa na miaka tisa nilikuacha kwa bibi, nikavuka mto wa mpakani. Baada ya hapo tulionana mara moja tu, ulipokuja Karagwe kwa siku nane, ukiwa mwalimu na katibu wa urafiki kati ya komini yenu, yaani tarafa yenu, na mji ule. Hata maji hukunywa kwanza. Ulitandaza picha mezani: ngao iliyogawanywa sehemu mbili, juu rangi ya dhahabu na korongo wa kijivu aliyesimama kwa mguu mmoja, mguu wa pili ameukunja na kushika jiwe, chini buluu, na daraja jeupe la matao matatu.

"Kaka, umeona? Hawa Wajerumani ni wa ukoo wetu!"

Nilicheka. Mnyama wa ukoo wetu ni umusambi, korongo mwenye taji, na baba alitukataza hata kumrushia kijiti. Nikakuuliza jiwe ni la nini. Ukasema korongo wakilala, mmoja hushika zamu na jiwe mguuni. Akisinzia, jiwe huanguka likamwamsha. Wenyeji husimulia kwamba zamani mlinzi wa daraja alilala, mji ukachomwa, na waliosalia wakamchonga ndege huyo kwenye muhuri wao.

"Ni kweli?"

"Si kweli hata kidogo," ulisema, umefurahi kama aliyeshinda bao. Yule mama alikuwa amechimbua hati za kale akakuandikia: ndege alikuwa alama ya familia iliyotoza ushuru darajani. Familia ilipokosa mrithi, mji ulirithi daraja na ndege wake. Habari ya mlinzi ilitungwa baadaye sana.

"Sasa watoto darasani unawafundisha ipi?"

"Zote, kaka. Kwanza ile tamu, halafu ile ya kweli. Wasiponuna, ujue hawakusikiliza."

Fundi Sefu, jirani yako aliyekishona kitambaa hiki, yupo. Amenisimulia ulivyomsumbua wageni kutoka Ujerumani walipokaribia kufika, kwa kuwa alikuwa amemshona ndege bila jiwe. "Nilimwambia, Mwalimu, hii ndege iko na jipu ya mguu! Wageni watasema fundi hajui kazi. Nimeitoa, nimekusaidia. Akanikalisha, nikafumua mguu mzima. Jiwe ya kwanza akasema ni yai! Nikafumua tena." Alicheka mpaka akashika kifua, kisha akaniuliza kama nimepata habari zako.

Nikasema bado.

Nilimdanganya. Yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia kwamba mwezi wa nne ulitoka kwa miguu ukafuata barabara ya Kabuga, nami nilikwisha kwenda huko. Mama mmoja muuza viazi alinipeleka nyuma ya nyumba yake, akanionyesha mahali yeye na mumewe walipokuzika. Ndani ya kopo la unga alikuwa ametunza barua mbili za yule mama wa Ujerumani, zilizokuwa mfukoni mwako. Jina lako liko juu ya zote mbili. Nilimshukuru, nikapanda basi. Niliposhuka nilinunua sabuni, nikafua shati. Sijalia, Tadeo. Nakula. Nalala usingizi mzito, na asubuhi nashangaa kwamba nimelala.

Nimefundisha historia miaka thelathini. Najua kuandika kwamba fulani alikufa, mahali fulani. Kwako nimeshindwa. Nilijiambia kwamba maadamu yule mama hajui, kuna mahali duniani ambako bado unatazamiwa kujibu barua. Lakini huyu ni mtu aliyemfuatilia korongo wa mji wake mpaka akapata ukweli usiompendeza mtu, akauandika, akautuma. Kumnyima ukweli wa kwako ni kumdharau.

Leo asubuhi nimemwandikia mistari minne. Nimetaja mahali. Nimemwambia kwamba ulizikwa na watu wasiokujua, na kwamba barua zake ulikuwa nazo. Padri anakwenda Bujumbura kesho, ataichukua akaitume kutoka huko.

Bahasha nimeifunga. Sasa navuka barabara kwenda kwa Sefu, nimwambie mwenyewe kabla hajasikia kwa mtu mwingine.

Pumzika, mdogo wangu.

Ni mimi kaka yako, niliyechelewa kufika