Tone Jeupe Kwenye Pete ya Kulia

Gereji ya Hajati Maimunah,
Kisenyi, Kampala.
12 Agosti 2023

Mpendwa Yaya Séraphine, dada yangu,

Pokea salamu za mdogo wako Josias. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na watoto, na mama mkwe wako awe ameanza kula vizuri kidogo. Na kile kidole chako alichokivunja baba, bado kinauma mvua ikikaribia? Mimi mwili ni mzima, isipokuwa jino moja la mbele, na nitakueleza lilikwenda wapi.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara nne. Unanishukuru kwa kumpeleka shemeji Saverio hospitali ya Mulago na kulala naye wodini. Unasema Mungu alijua kwa nini alituweka mimi na mumeo gereji moja. Yaya, acha kunishukuru. Ndiyo sababu naandika badala ya kupiga simu, na barua nimempa Marlène, yule muuza vitenge, aitie mkononi mwako. Kwenye simu ningekusikia unalia, ningekata.

Springi haikuruka. Shemeji alikudanganya. Mkono wake nimeuvunja mimi.

Soma mpaka mwisho, halafu unitukane.

Mambo yalianzia kwa mteja mmoja anaitwa Olal, mtoto wa mwanajeshi, mtu wa miraba minne, anakaa kwenye maghorofa ya Bugolobi. Ana gari la spoti la milango miwili, la buluu, na alitaka tulishushe mpaka karibu lilambe lami. Katika Kampala hii ya mashimo na matuta! Lakini siku hizi hata watu wazima wenye akili zao wamepagawa na mambo hayo. Shemeji alicheka, akasema tumbo la gari litachubuka kabla halijatoka Kisenyi.

Olal alileta shokapu mpya, zile wanazoziita koilova. Nikueleze zilivyo, maana kosa lote liko hapo. Springi imevaa juu ya shokapu, na mwili wa shokapu una nyuzi kama za boliti. Chini ya springi kuna pete mbili. Ukizungusha ya juu, gari linapanda au linashuka upendavyo. Ya chini kazi yake ni kuibana ile ya juu isitembee. Usipoikaza, kila tuta linaifungua ile ya juu kidogo kidogo na mwenye gari hajui.

Kwa Hajati kuna sheria ambayo haikuandikwa popote. Kila fundi ana chupa yake ya rangi ya kucha, hii hii ya wanawake. Ukishakaza nati au pete mpaka mwisho, unaitia tone la rangi yako. Tone likishakaa, fundi mwingine haigusi tena, maana kuigusa ni kumwambia mwenzako usoni kwamba humwamini. Rangi ya Saverio ni nyekundu, yangu nyeupe. Gari la Olal tuligawana, yeye upande wa kulia, mimi wa kushoto. Tulilimaliza, likaondoka limekaa chini vizuri, na mimi nilijiona fundi kweli kweli.

Wiki mbili baadaye, Jumanne asubuhi, likarudi limevutwa na lori, pua imepondeka. Pete ya mbele kulia ilikuwa imejifungua. Kwenye kona springi ilishuka, tairi likauma madigadi likapasuka, gari likaingia ukutani. Aloyo, mke wa Olal, alikuwa ndani. Paji lake la uso lilishonwa nyuzi nane.

Olal alikuja na wanaume wawili. Hakusalimia mtu. Kofi la kwanza lilinipata sikioni, na hilo sikio mpaka leo linavuma. La pili liliniangusha. Akaniwekea goti shingoni, akanisukuma uso ndani ya beseni la oili chafu, akanitoa, akanirudisha. Wale wawili walikuwa wanarusha vyombo vyetu barabarani. Kila aliponitoa alikuwa anauliza swali lile lile.

“Nani nafunga hii gari? Sema! Bibi yangu namwaga damu, na wewe nakaa hapa nakunywa chai!”

Niliogopa, Yaya. Sikupumua, nikadhani nakufa na oili puani. Nikanyoosha mkono nikamwonyesha Saverio. Nikasema upande wa kulia ni wa yule.

Shemeji hakukimbia. Alikuwa amesimama kwenye meza ya chuma, mkono wa kulia juu yake. Aliniambia tu, “Josias, angalia rangi kwanza.”

Sikuangalia. Olal alikuwa ameniachia, na badala ya kushukuru kwamba napumua, nilipandwa na hasira ambayo sijawahi kuijua. Nilikuwa nimepigwa kama mwizi mbele ya mafundi wote, oili inanitiririka mpaka kifuani, na kumpiga Olal sikuweza. Basi nikampiga yule ambaye nilijua hatanirudishia. Nilichukua spana ya ndoano, ile ndefu ya kuzungushia pete, nikaishusha juu ya vidole vyake. Nilisikia mfupa. Nikaishusha tena. Alipoanguka nikampiga mateke ya mbavu, na kila teke nilikuwa namtukana mama yake, yule bibi unayemlisha uji.

Unajua nani alinishika? Olal. Yule yule. Alinibeba kiunoni akanitupa pembeni.

“Wacha, bana! Wewe nataka kuua mutu? Huyu si ndugu yako?”

Ni yeye aliyempakia shemeji kwenye gari la mwenzake, mimi nikaketi nyuma nimeshika ule mkono ndani ya shati langu. Tulipofika Mulago muuguzi aliuliza kimetokea nini. Shemeji ndiye aliyejibu. Alisema springi iliruka kutoka kwenye kibano, na ndivyo alivyokwambia na wewe jioni ile.

Mchana nilirudi gereji. Nilichukua kitambaa na petroli nikaifuta tope ile pete ya mbele kulia, nikitafuta tone jekundu ili roho yangu itulie. Nilikuta tone jeupe.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Siku tuliyolishusha gari, Olal alipokaa kwenye usukani na uzito wake wote, upande wa kulia ulizama. Saverio alikuwa amekwenda kunawa. Nikapiga jeki mwenyewe, nikakwangua tone lake jekundu, nikapandisha pete mizunguko miwili. Olal alikuwa anakanyaga mafuta, ananiharakisha. Nikapaka rangi yangu kwanza ili ikauke, nikisema nitakaza sasa hivi. Kisha nikaanza kubishana naye juu ya urefu, nikateremsha jeki. Ile ya chini sikuikaza. Mjinga mimi, nilitia sahihi kazi ambayo sijaifanya.

Nilirudi wodini nikamwambia shemeji ukweli. Alikuwa anaujua tangu zamani. Aliporudi kutoka kunawa aliliona tone langu. Nikamwuliza kwa nini hakujaribu pete kwa spana. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la ajabu.

“Ilikuwa rangi yako,” alisema. “Ningeigusa namna gani?”

Nililia pale sakafuni, wagonjwa wananitazama.

Aliniapisha nisikwambie. Anasema umeshateseka vya kutosha katika familia yetu, na kwamba mambo haya yaishe kati ya wanaume wawili. Siwezi, Yaya. Nimekula chakula ambacho majirani walikuja nacho kwa sababu wewe uliwapigia simu ukanisifu. Najiona mchafu kuliko lile beseni.

Jumamosi ya wiki ile ile nilikwenda Bugolobi. Aloyo alinifungulia mlango, bandeji kichwani, na sikuweza kumtazama. Nilimwambia Olal kwamba pete ile niliifunga mimi, na kwamba mtu niliyemvunja hakuwa na kosa. Alinipiga ngumi moja tu. Hapo ndipo jino lilipokwenda. Nilibaki nimesimama nikisubiri ya pili, ninaitaka, lakini alifunga mlango.

Hajati naye nilimwambia mbele ya mafundi wote. Alinyoosha kiganja, nikampa chupa yangu nyeupe, akaitia kwenye mkoba wake. Tangu siku hiyo mimi nafungua tu. Nikikaza kitu, fundi mwingine anakuja nyuma yangu kukikaza tena na kutia rangi yake. Okidi, fundi mwenzetu, ananitania kwamba siku hizi mimi ni fundi wa kubomoa. Namwacha aseme.

Sasa hali ya shemeji. Mbavu zimepona. Kidole cha shahada na cha pete vitakunjika tena, daktari ameahidi. Cha kati hakitakunjika. Kimekauka wima, na kimepinda kidogo kuelekea nje. Nilikiona bandeji ilipofunguliwa. Ni kama chako. Ni kidole kile kile, na kimepinda vile vile. Chako kilivunjika kwa sababu yangu. Nilikuwa na miaka sita, baba ameinua mchi, na wewe uliweka mkono wako juu ya kichwa changu. Juu ya kaburi lake nilikuapia kwamba mkono wangu hautakuwa kama wake. Unakumbuka? Mimi nilikuwa nimesahau.

Nisalimie mama mkwe wako, na kama utaamua kumwambia, mwambie pia nilivyomtukana. Wasalimie Nabintu na mdogo wake Bisimwa. Waambie baba yao anaweza sasa kushika kikombe. Mungu ambaye amekulinda katika vita vyote vya huko kwetu azidi kukulinda njiani, asikuadhibu wewe kwa mambo yangu.

Najua mwisho wa mwezi utapanda basi uje umwone. Nitakuwa hapo linaposimama, nitabeba mzigo wako mpaka kwake, sitaongea usipoongea. Ila naomba kitu kimoja. Usinipe mkono mpaka uwe umeushika wa kwake.

Mdogo wako, uliyemkinga,
Josias Mushagalusa