Saini ya Maktaba

Jumatatu, 12 Mei 2025

Saini sita nimezipata. Maabara, michezo, bweni, jikoni, bursa, mwalimu wa darasa. Imebaki moja tu kwenye fomu ya kumaliza shule – maktaba. Na hiyo moja ndiyo iliyonirudisha nyumbani mikono mitupu. Cheti changu cha kidato cha nne nimekiona kwa macho yangu, kimelala kwenye droo ya naibu wa mwalimu mkuu, jina langu sawasawa, alama zangu zote. Nimekiona, sikukishika!

Madam Nereah, mwalimu wa maktaba, amenionyesha kadi. Biasha Chirau, Agosti 2023. Kitabu cha tungo za kale. Mahali pa kuandika kilirudishwa lini – peupe. Nikasema nilikirudisha. Akasema hapana. Nikasema wallahi, Madam, nilikirudisha – kisha nikanyamaza, maana nilikuwa nimeshaapa na sina hakika.

Nikaomba nikilipe. Amekataa. Shule ilikuwa nacho hicho kimoja tu, zawadi ya mwalimu aliyestaafu, na hakichapwi tena. Anasema hawezi "ku-sign kitu sijaona", wakaguzi wakija watataka kitabu, hawatataka hadithi.

Chuo kinataka cheti chenyewe, si nakala, kabla ya Ijumaa tarehe 23, saa kumi jioni. Kozi ya maabara. Jina langu liko kwenye orodha. Bila cheti nafasi anapewa mwingine. Siku kumi na moja. Kitapatikana!

Jumanne, 13 Mei

Nimepekua nyumba nzima. Chini ya vitanda, juu ya kabati, ndani ya magunia. Mama ananiuliza naolewa au nahama.

Nimekuja kukumbuka nikichambua mchicha, kisu kikanidondoka. Funzi! Likizo ile ya Agosti nilikwenda nacho kwa bibi kisiwani. Babu alikuwa mgonjwa. Nilikiazima kwa ajili yake, kwa sababu kila tungo imechapwa mara mbili: upande mmoja herufi za Kiarabu, upande wa pili hizi za shuleni. Babu na bibi hawakukanyaga shule, walisoma madrasa tu, na herufi za Kiarabu wanazisoma kama maji. Babu alisoma mpaka sauti ikamwisha. Kisha tukamzika. Shule ikafunguliwa, nikaondoka na begi la nguo. Kitabu hata sikukifikiria.

Kwa hiyo nimemwapia Madam uongo. Astaghfirullah. Naona aibu kweli.

Jumatano, 14 Mei

Simu ya bibi haishiki. Nimejaribu maduka ya vitabu Ukunda – hakuna. Kombani kuna anayeuza vitabu vya mitumba, ameniambia ningekuja wiki iliyopita ningekipata. Mwongo huyo. Kesho na keshokutwa namshikia mama kibanda cha mahamri, hakuna jinsi. Jumamosi nakwenda Funzi.

Jumamosi, 17 Mei, Funzi

Bibi ameniambia nimekonda, hata shikamoo yangu hajaiitikia vizuri. Nimekunywa chai kwanza, nikauliza kitabu kwa sauti ya juujuu, kana kwamba si jambo.

Uso wake ulivyong'aa! Alidhani nimesahau. Baada ya arobaini ya babu alikifunga kwa kitambaa cheupe akakipeleka madrasa kwa mguu wake. Amekiweka wakfu kwa ajili ya babu. Kila Jumatano baada ya alasiri kina mama kumi na wawili wanakisoma kwa zamu, wale wa rika lake, wasiojua herufi nyingine ila hizo. Na kila wakisoma, babu anapata thawabu yake alikolala.

Nikasema alhamdulillahi. Ningesema nini? Alinipikia wali wa nazi na samaki changu, sikusikia ladha.

Jumapili, 18 Mei

Nimemwendea Ustadh Luqman, mwalimu wa madrasa. Nimemweleza yote, na kiapo changu pia.

Akasema wakfu hauuzwi, haurithiwi, haurudishwi. Kisha akasema: lakini mtu hawezi kuweka wakfu kisicho chake. Kitabu ni cha shule, basi hakikuwa wakfu hata siku moja. Muhuri wa shule aliuona tangu siku ya kwanza, akadhani wamekigawa. Ameniomba radhi. Mtu mzima yule, kuniomba radhi mimi!

Ufunguo wa kabati la vitabu la madrasa ulikuwa mkononi mwake. Nilidhani yamekwisha. Kumbe ana sharti. Nimwambie bibi kwanza. Hataki aje Jumatano akute kabati tupu. Nikamwomba anisemee yeye, maneno yake bibi anayapokea. Amekataa, kwa upole lakini amekataa. Anasema amana ilikuwa yangu.

Nimekasirika njia nzima. Ana haki, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Jumatatu, 19 Mei

Sikumwambia.

Jumanne, 20 Mei

Nilianza. Nikasema, bibi, kuna jambo. Akanipa mbuzi nikune nazi, akaanza kunisimulia babu alivyomposa. Unamkatizaje mtu hapo? Nimekuna nazi tatu mahali pa moja.

Siku zimebaki tatu. Kesho nitasema, hata nikisemea mlangoni mwa madrasa.

Jumatano, 21 Mei

Sikusemea mlangoni. Nimesemea ndani, mbele ya watu wote!

Kina mama walikwishakaa mkekani. Kitabu kiko juu ya marufaa, kile kibao cha kusomea, kimewekwa kama msahafu. Ustadh Luqman akaniangalia, nikatikisa kichwa: bado. Akainamisha macho. Zamu ya bibi ikafika. Sikujua bibi ana sauti ile. Nyumbani anaitumia kufukuza kuku tu. Alisoma beti ishirini bila kukwama, na wenzake wakaitikia kila kituo. Mwanasha jirani yake alikuwa akijifuta macho kwa ncha ya leso. Nilitamani niseme mkae nacho tu, mimi nitauza mahamri.

Kisha bibi akajigamba. Mjukuu wangu amesoma, hebu naye atusomee upande wake. Akanipa kitabu. Kabla sijafika kwenye tungo, akaweka kidole ukurasa wa kwanza, kwenye muhuri wa zambarau. Miaka miwili anauona, anataka kujua umeandikwa nini.

Ningeweza kudanganya. Hakuna mwingine mkekani pale angejua, isipokuwa Ustadh. Lakini nilishaapa uongo mara moja mwezi huu, inatosha.

Nikausoma. Neno kwa neno, kwa sauti. Mali ya maktaba ya shule. Kisiondolewe bila idhini. Nikasema, bibi, hiki ni cha kuazima. Nilikiazima mimi, nikakisahau kwako. Hakikuwa changu, na hakikuwa chako kukitoa. Nisipokirudisha Ijumaa sipewi cheti, na bila cheti chuo siingii.

Bibi akauliza polepole:

"Kwa hivyo babuyo hakupata kitu?"

Hapo nililia. Ustadh akasema nia ya mtu Mungu anaiona, na waliosoma wamesoma, haiwezi kuwa bure. Bibi alikifunga kitabu kwa kitambaa chake, akakikumbatia, akatoka nacho. Nimemfuata nyuma kama mbuzi. Hajanisemesha mpaka saa hii.

Alhamisi, 22 Mei

Bado hasemi. Kitabu kiko chini ya mto wake. Asubuhi nilimwekea chai, akainywa bila kuniangalia. Adhuhuri nikaona ametoa buibui jipya, analianika upeponi.

Alasiri, maneno matano: "Boti ya mapema saa ngapi?"

Ijumaa, 23 Mei, benchi la nje ya maktaba

Saa nane kasorobo. Naandika ili nisigonge mlango.

Njia nzima hakuniachia nikibebe. Tulipoingia, Madam Nereah alisimama akamwamkia shikamoo – Madam, aliyetuambia siku ya kwanza kwamba kwao shikamoo haiko! Bibi akaitikia, akakaa kwenye kiti cha wanafunzi, kitabu magotini. Nikatoa fomu yangu. Madam akaishika kalamu, akanyoosha mkono wa pili apokee kitabu.

Bibi hakutoa.

Akasema amesikia hapa vitabu vinaazimwa. Basi cha mjukuu wake amekirudisha, hiki hapa, kitazameni, hakikuchanika hata jani. Na sasa anakiazima yeye, kwa jina lake, kwa ajili ya kina mama wa Funzi. Waseme siku ngapi, atakileta mwenyewe siku hiyo, kisha atakiazima tena. Safari hii akisomewa marehemu asomewe kwa kitu cha halali.

Madam akasema maktaba ni ya wanafunzi peke yao. "Mama, hizi rules si mimi niliandika." Bibi akamuuliza ni wanafunzi wangapi wamekiazima tangu kije. Madam akaigeuza kadi mbele na nyuma. Jina ni moja. Langu.

Bibi akanitazama, mara ya kwanza tangu juzi, akasema nitoke niwapishe.

Nawasikia kupitia dirishani. Madam anasema labda amuulize naibu, naibu naye yuko Kwale kwenye mkutano, ufunguo wa droo ya vyeti amemwachia bursa lakini ruhusa hakuacha, ni Jumatatu. Bibi anasema Jumatatu anaweza kungoja. Mimi siwezi! Chuo kinafunga saa kumi! Nimeng'ata kifuniko cha kalamu mpaka kimepasuka. Sasa Madam anasema mwanafunzi ndiye mwenye haki ya kadi. Na bibi, bila kupandisha sauti: basi mniandike kidato cha kwanza, sare nitashona.

Mtu amecheka. Nadhani ni Madam.

Saa nane na dakika tano. Madam ametoa kichwa mlangoni. Kalamu iko mkononi. Anasema niingie nimwambie bibi akiachie kitabu, asaini sasa hivi, niwahi chuoni, hayo mengine yatazungumzwa wiki ijayo. Cheti nakitaka. Mungu anajua ninavyokitaka. Na wiki ijayo kitabu kitakuwa kabatini mwa shule, kufuli juu.

Naingia. Kwamba akiachie, simwambii.