Pumzi Ndani ya Mpira wa Maji

Kwenye msingi wa nyumba yako,
Jumatano, tarehe 9, asubuhi.

Mpendwa binti wa marehemu mdogo wangu,

Hujambo mwanangu? Wagonjwa unaowauguza huko hawajambo? Baridi imepungua, au bado unavaa soksi tatu tatu kama mtoto mchanga? Sisi huku wazima. Mama yako anakula, analala, anagombana na jirani yake. Akianza kukaa kimya ndipo nitakuita. Mimi nina mgongo tu, na huo mgongo ndio ulionishikisha kalamu. Uvumilie mwandiko, shule na mimi tuliachana mapema, na sijui nani alifurahi zaidi.

Nataka habari hii uisikie kwangu kabla hujaisikia kwa mwingine. Watu wataitia chumvi, na chumvi katika familia hii ni kazi yangu.

Juzi ilikuwa siku ya kumwaga zege la mkanda, ule unaozunguka juu ya msingi wote. Kuta zote zinaukalia. Mkanda ukiinama, milango inainama, madirisha yanainama, na paa juu linacheka. Zege likishakauka huwezi kuliomba radhi. Kwa hiyo alama za kona nne lazima ziwe sawasawa.

Yule injinia uliyemtuma ni kijana mpole, sina neno naye. Ana kidude chake cha miguu mitatu, anakichungulia kwa jicho moja. Mafundi wanamwita Mpiga Picha. Nilimuuliza siku ya kwanza, "Mjukuu, bibi harusi yuko wapi?" Akacheka, maskini, akadhani nimemaliza.

Mimi, wewe unanijua, nina mpira wangu. Mpira mrefu unaopitisha mwanga, unaujaza maji, mmoja anashika ncha hii kona hii, mwingine ncha ile kona ile. Maji yakitulia, yamesimama kimo kimoja pande zote mbili, hata kama katikati mpira umelala shimoni. Kwa nini? Kwa sababu maji husukumana. Upande wenye kimo kirefu unasukuma zaidi, unausogeza mwenzake, mpaka wote wawili wawe na kimo kimoja. Hapo hakuna anayemshinda mwenziwe, wanatulia. Na hawaangalii unene! Niliwahi kuunga pipa zima na mpira mwembamba kama kidole. Mafundi wakaniambia, "Pipa lina maji mengi, litayarusha ya kwenye mpira mpaka juu ya bati." Nikawawekea dau la soda. Yakasimama kimo kimoja, pipa na kidole. Nilikunywa soda siku tatu nzima, tumbo likawa linaongea. Maji hayajali wingi, yanajali kimo.

Basi juzi asubuhi nikapima kona zote nne. Sawa, sawa, sawa, sawa. Mpiga Picha akachungulia, akakunja uso. "Mzee, kona ya jikoni iko chini. Vidole vinne."

"Vidole vya nani? Vyako au vya mtoto?"

"Vyangu, mzee."

Mafundi wakaangua kicheko. Mmoja akamwambia, "Bosi, hapo umemgusa Babu Mpira! Huyu alianza kujenga wewe hujawa hata wazo." Nami, ng'ombe hazeeki maini, nikapanda juu ya tofali nikatangaza: atakayekosea leo, atabeba zege kwa karai mpaka jioni, awe injinia awe babu.

Kijana akapima mara ya pili. Vidole vinne. Lakini mashine ya kuchanganya zege ilikuwa imeshawashwa, watu wanamtazama, na ana adabu. Akafunga daftari lake. "Haya mzee. Una uzoefu kuliko mimi. Tufuate mpira wako."

Mwanangu, nilikuwa nimeshinda. Nikaona nimalizie kwa maonyesho, nimfundishe kidogo. Nikashika ncha yangu, nikainyanyua ghafla, nikamwambia tazama yatakavyoruka kule upande wa pili.

Hayakuruka. Yalipanda polepole, kama mtu aliyetumwa dukani bila kupenda.

Nilijua palepale. Hakuna mwingine aliyejua. Mpira wenye maji matupu, ukigusa huku unajibiwa kule papo hapo. Ukivuta miguu, ujue ndani mna pumzi. Kwenda kona ya jikoni mpira wangu ulipita juu ya rundo la mchanga, na asubuhi niliujaza huku nawapigia mafundi hadithi ya lile pipa, sikuangalia hewa ikitoka. Pumzi hupenda kupanda juu. Ilikwenda kukaa pale kwenye nundu ya rundo, nayo haikukaa katikati, iliegemea upande mmoja. Pumzi ni nyepesi, haina uzito wa kusukuma. Kwa hiyo upande mmoja ulikuwa na pengo mahali pa maji, na kimo cha pande mbili kikadanganya. Na mpira wenyewe nje umechakaa kwa saruji, pumzi usingeiona.

Watu wananipongeza, zege linazunguka, kijana ameinamisha kichwa. Ningefunga mdomo, jina langu lingebaki juu. Nikaitazama kona ya jikoni. Nikakuona wewe pale, umerudi, umeweka sufuria, mlango unagoma kufungika.

Nikasema, "Zimeni mashine."

Wakadhani naumwa. Nikamwambia kijana, "Wewe ndiye uliye sawa. Mpira wangu una pumzi."

Akanisogelea, akaninong'oneza, "Mzee, ungenyamaza nisingejua."

"Nyumba ingejua," nikamwambia.

Tukamwaga maji, tukaujaza mpira upya taratibu, nikiwa nimefunga mdomo kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe. Tukaupitisha chini, mbali na rundo. Tukapima. Kona ya jikoni iko chini vidole vinne, vilevile alivyosema. Tukapandisha mbao za kuzuia zege kwenye kona ile, kidude chake na mpira wangu vikasema neno moja, ndipo zege likamwagwa.

Na nikabeba karai mpaka jioni. Kijana alinibembeleza niache, nikakataa. Mama yako alikuja na maji ya kunywa, akanicheka mpaka akakaa chini. Jana kijana amekuja na mpira wake mpya, anataka nimfundishe. Nimemwambia somo la kwanza: ukijaza, usipige hadithi.

Sasa, ukiona sifai tena kusimamia nyumba yako, sema. Nitakabidhi ufunguo wa stoo. Ila mkanda wako umelala sawa kama maji yenyewe, na hilo naliapia mbele ya mtu yeyote, mwenye kidude au asiye nacho.

Mama yako anakusalimu, mama yako mkubwa anakusalimu na kuuliza utaolewa lini (mimi simo), na wadogo zako wote. Nisalimie mwenzako mnayekaa naye chumba kimoja. Mungu akulinde kazini, akurudishe salama ufungue mlango huu kwa mkono wako.

Baba yako mkubwa, akupendaye kuliko anavyojipenda mwenyewe, nawe unajua hilo si dogo.