Fuwele za Chumba cha Maziwa

Jumatatu, 5 Mei 2025
Trei ya kumi na tisa. Matone tisini na sita ya protini, hakuna hata chembe ya fuwele! Bila fuwele hakuna picha ya eksirei, na bila picha sitajua protini ya figo za kaka yangu Zayed imeharibika wapi. Leo tena yuko Nakuru mjini kwenye mashine ya kusafisha damu. Saa nne nzima. Mama alituacha kwa ugonjwa huohuo.

Jumanne, 6 Mei
Stima imepotea Njoro nzima. Narudi maabara—trei hazipo! Kiprugut, fundi wetu, ati amezipeleka chumba cha kupozea maziwa, idara ya ng'ombe hapa chuoni, kwa sababu wao wana jenereta. "Madam, huko kitu haiozi." Zangu zinataka joto la kawaida, si baridi ya maziwa! Nimemfokea mbele ya watu.

Alhamisi, 15 Mei
Nilienda kuzitupa. Nikachungulia kwa hadubini, basi tu.
FUWELE! Tone la saba. Ndogo, zina pembe kali, zinameta. Kumbe baridi ndiyo zilikuwa zinataka! Nimepiga kelele hadi wakamuaji wakaja mbio. Nimemwomba Kiprugut msamaha mbele ya watu walewale. Akasema maziwa hayajawahi kumwangusha. Atanikumbusha mpaka astaafu, najua.

Ijumaa, 11 Julai
Picha ya eksirei ya fuwele tulizotuma ng'ambo imerudi. Nimeliona kosa la familia yetu! Nimelia, nimecheka, nimemaliza kibuyu kizima cha mursik, maziwa ya mgando ya mke wa Kiprugut.
Protini hii hushika nyuzi za aktini zinazosimamisha seli za chujio la figo. Kipande kinachoshika kina nusu mbili, na komeo katikati la kukizuia kisishike kupita kiasi. Cha Zayed hakina komeo. Nusu zimeegemeana tu! Kinang'ang'ania nyuzi, hakiachi, na chujio linavuja. Badiliko moja tu dogo kwenye jeni—na limetuchukulia Mama.
Nimemtumia Zayed picha, yuko kwenye mashine sasa hivi. Akajibu: "Sistee, umeweza! Sasa hiyo komeo, mnaweza rudisha?"
Nimeandika "Bado." Nimefuta. Nimeandika "Sasa tunajua ilipong'oka." Nimetuma.
Ameona. Anaandika. Ameacha. Anaandika tena—