Taji la Damu ya Miungu

Bron, umeme ulikatika tukiwa mezani, na gizani nikasikia dadu ikibingirika. Ilikuwa zamu ya Tamsin wangu kuwania taji la karatasi.

Shemeji Angus, anayeongoza mchezo wetu wa falme, akamulika kwa simu. "Mbili tu! Pole, binti mfalme wa bandia. Huna damu iliyobarikiwa na miungu. Taji linakuchoma!"

LINAKUCHOMA, Bron! Anamwambia mtoto niliyemchukua akiwa na wiki sita, ambaye juzi tu aliniuliza ni nani aliyemzaa!

Nikafoka, "Angus, futa hilo!"

Akaduwaa. "Shem, ndiyo sheria ya ufalme. Damu ni damu."

Damu ni damu!!

Tamsin akalichukua lile taji la karatasi, akalivaa.

"Mama, halichomi."